Sombe ya Muyinga, Sombe ya Itaba

Ingobyi iliyombeba mdogo wangu siku ya harusi yake ndiyo ileile iliyombeba siku alipovimba uso hata mimi, dada yake, nisimtambue. Ni machela ya matete na kamba, yenye miti mirefu ya kuweka mabegani. Hukaa juu ya dari ya jiko la shangazi yangu huko Itaba, inakula moshi mwaka mzima, inamsubiri mgonjwa. Zamani, wanasema watu wa kule, iliwasubiri na mabibi harusi. Nilipowaona wanaume walewale wakiinama safari ya pili, na mdogo wangu amekaa humo na imvutano, vazi la sherehe la rangi ya dhahabu, limefungwa begani, anacheka kwa sababu wanamtikisa makusudi, nilijua kwamba tumeshinda. Lakini ushindi huo ulipitia njia ndefu, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilinuka ndimu.

Tulikulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, tukarudi Burundi tukiwa wasichana wakubwa. Baba na mama hawakurudi nasi; wote wawili walibaki katika udongo wa kule. Kwa hiyo shangazi, dada yake baba, ambaye hakuwahi kukimbia, ndiye aliyekuwa mzazi wetu, na neno lake katika mambo ya ndoa lilikuwa neno la baba. Yeye alibaki Itaba kwenye mashamba. Sisi tulipanga nyumba Musinzira, mjini Gitega. Asubuhi nilifundisha Kifaransa, jioni niliandika riwaya. Mdogo wangu alishona sare za shule kwenye baraza, na mlio wa cherehani yake uliingia katika sentensi zangu zote za miaka ile.

Alipochumbiwa na kijana wa Muyinga, fundi wa simu mwenye mikono mitulivu, tulikwenda kumsalimia mama yake. Mama huyo alizaliwa Kivu ya Kusini, akaja na vitenge vyake kabla vita haijamfuata, akaweka kibanda sokoni Muyinga na kukaa. Alitupokea kama watu waliosubiriwa tangu jana. Alipika wali, samaki wa mikeke waliotoka ziwani, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa hadi yakawa laini kama krimu.

Kwetu chakula cha ugenini kina sheria zake. Mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya macho yako, ili ujue kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Na wewe ukishaonyeshwa hivyo, unakula, unamaliza. Kuacha chakula kwenye sahani ni kusema kwa sauti kwamba hukuamini ule mkono. Mama yule akaonja, akafuta mdomo, akasema, "Kuleni, batoto. Hapa ni kwenu."

Mdogo wangu alikula. Kijiko cha pili nilimwona akipitisha ulimi kwenye meno, kama mtu anayetafuta kitu kilichokwama. Nilidhani ni aibu ya mkwe. Akaendelea, kwa sababu angewezaje kuacha sombe ya mama atakayemwita mama? Alipomaliza sahani, midomo yake ilikuwa imeumuka. Kisha macho yakafungika. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekabwa, "Dada, siwezi kuvuta pumzi," akateleza kutoka kwenye kiti.

Mama mkwe ndiye aliyefika kwake wa kwanza. Alikata ndimu kwa meno, akaikamulia mdomoni mwa mdogo wangu, akilia kwa Kiswahili cha kwao, "We mutoto, usifanye hivi, usifanye hivi." Kijana alikuwa ameshatoka nje kutafuta gari. Hospitalini, muuguzi hakuuliza mambo mengi. Alimdunga sindano pajani, na ndani ya muda mfupi nilishuhudia uso wa mdogo wangu ukirudi kutoka chini ya ule uvimbe, kama jiwe linavyotokea mtoni maji yakipungua.

Kabla hajaamka vizuri, habari ilikuwa imefika Itaba. Sijui nani alipiga simu. Nilisikia tu sauti ya shangazi sikioni mwangu.

"Amekula kwa watu, amevimba, amezimia," alisema. "Hiyo huko kwenu Tanzania mulikuwa munaita nini?"

"Shangazi, daktari hajasema kitu bado."

"Mi nakuuliza ilimuamusha nini."

Nikasema sindano. Kisha, kwa kuwa nilitaka mama yule asifiwe kwa lolote, nikasema pia kwamba alimkamulia ndimu.

Shangazi akalipokea neno hilo kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba. "Ndimu inakata sumu," akasema. "Kila mutu anajua. Kama si sumu, ndimu ilikata nini? Na huyo mama alijuaje haraka hivyo kama inafaa kuleta ndimu?"

Basi ndoa ikasimama. Shangazi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hatatoa mtoto wa kaka yake kwa mkono wenye dawa. Neno hilo likapanda basi hadi Muyinga. Wanawake waliokuwa wakinunua vitenge kwa mama yule wakaanza kupita upande wa pili wa soko. Jirani aliyezoea kuomba moto kwake akaanza kuomba kwingine. Kijana alinieleza haya kwa simu bila kulaumu, na kutolaumu kwake kuliniumiza kuliko matusi. Mdogo wangu aliacha kuimba kwenye cherehani. Alichokuwa nacho hatarini hakikuwa bwana harusi peke yake, bali na jina la mwanamke aliyemwita mwanangu kwa saa moja tu.

Daktari tuliyemwendea Gitega alikuwa mwanamke kijana, anayeongea huku akiandika. Alimuuliza mdogo wangu alikula nini, na nini, na nini tena. Tulipofika kwenye sombe akauliza kama iliungwa kwa unga wa karanga. Nikasema ndiyo, watu wa Kivu wengi hupika hivyo. Akaweka kalamu chini.

"Karanga umewahi kula?"

Mdogo wangu akanitazama, na kambi nzima ikarudi machoni mwake. Alipokuwa mdogo alikuwa akizikataa. Alisema zinamwasha ulimi. Mama aliita hayo madaha, sisi wengine tukala fungu lake kwa furaha kubwa, na tangu hapo hakuna aliyezungumzia tena. Lakini karanga iliyosagwa ndani ya sombe haionekani wala haibishi hodi.

"Huo ni mzio," daktari akasema. "Mzio mkali. Mwili umeichukua karanga kama adui aliyevunja mlango, ukapiga kila kitu ndani ya nyumba, hata mwenye nyumba. Haikuwa sumu. Bahati yenu mlifika kwenye sindano ya adrenalini."

"Na ndimu?" nikauliza.

Alicheka, lakini si kwa dharau. "Ndimu ina vitamini C. Kuna watu wanaoichunguza vitamini C katika mzio, kweli. Soma kama unapenda kusoma."

Hakujua anamwambia nani. Nilisoma wiki hizo kama ninavyosoma riwaya ya mshindani. Nilisoma kwa Kifaransa, nikasoma kwa Kiingereza changu cha kupapasa, simu imeegemea sufuria ya maharage. Jumamosi, kwenye mkutano wa kundi letu la waandishi, wenzangu walisoma mashairi juu ya vilima na mimi nikawasomea juu ya histamini, ile kemikali ambayo mwili huimwaga wakati wa mzio, inayovimbisha midomo na kulegeza mishipa. Rafiki mmoja akaniuliza kama riwaya yangu mpya itauzwa kwenye duka la dawa.

Nilikuwa na sababu ya uchu ule. Kama sayansi ingesema kwamba ndimu hutuliza mzio, basi hoja ya shangazi ingevunjika katikati: ndimu ingekuwa imefanya kazi, na sumu isingehitajika. Nilitaka ndimu ishinde. Nilisoma kwamba vitamini C inahusika katika kuivunja ile histamini, na moyo ukaruka. Nilisoma kwamba wapo waliojaribu kuwapa wagonjwa wa mzio vitamini hiyo kwa mshipa, na wengine wakajisikia afadhali, nikasimama jikoni peke yangu nikacheza. Kisha nikasoma mbele. Majaribio yalikuwa machache na madogo, ya mafua na kuwashwa zaidi kuliko ya watu wanaokabwa koo, na waandishi wenyewe walisema kwa uangalifu kwamba hawajui bado. Kwa mzio wa kuzimia, kila ukurasa ulirudi palepale: adrenalini kwanza, bila kungoja.

Nilimpelekea daktari maswali yangu. Akasikiliza yote.

"Nyumba ikiwaka moto," akasema, "huanzi kupaka chokaa. Chokaa ni nzuri. Pakeni siku nyingine." Halafu akanifundisha mambo ya kufanya ikitokea tena: mlaze chali, inua miguu, usimsimamishe wala kumtembeza, mfikishe kwenye sindano.

Nilikwenda Itaba kumweleza shangazi haya yote, nikiwa nimejaa kama mtungi. Alinisikiliza akichambua maharage. Kati ya maneno yangu yote aliokota moja.

"Kwa hiyo hata wazungu wanachunguza ndimu."

"Wanachunguza, shangazi, lakini hawajasema kwamba—"

"Bon. Tuseme ni karanga, kama unavyotaka. Dawa ya karanga ni ndimu, umesema wewe mwenyewe. Basi mulete mutoto hapa. Mi nitapika sombe. Karanga sitaweka hata punje, naapa kwa kaburi ya baba yenu. Atakunywa ndimu kwanza, atakula. Familia yote itakuwa hapa. Akila kwangu akabaki muzima, tutajua ule mukono wa Muyinga ulikuwa na nini."

Nilimwambia kwamba jaribio la namna hiyo halithibitishi kitu. Akasema mimi ni mtu wa vitabu. Lakini mdogo wangu, nilipomweleza, alikubali papo hapo. Sombe isiyo na karanga ingemfanya nini? Alitaka baraza likae, neno liishe, kwa vyovyote vile.

Tulikusanyika Jumapili baada ya kanisa. Walikuja wajomba na binamu, na kijana wa Muyinga aliyefika na mjomba wake kusikia hukumu. Shangazi alikuwa ameweka jagi la maji ya ndimu mezani, na kando yake vidonge vya vitamini C vya rangi ya chungwa, vile vya kumung'unya, alivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Mdogo wangu akanywa, akamung'unya. Binamu mmoja akasema sasa hata nyoka akimuuma tutamhurumia nyoka. Watu wakacheka. Shangazi akaonja sombe mbele ya wote, kwa kijiko kikubwa, polepole, akamtazama kijana wa Muyinga alipokuwa akimeza.

Mdogo wangu akala.

"Munaona," shangazi akasema. "Anakula. Vizuri kabisa."

Nilikuwa nimekaa mahali ninapouona mdomo wake. Nikauona ulimi ukipita kwenye meno.

"Dada," akasema kimya.

Nilisimama kabla hajamaliza neno. Shangazi akasimama pia, na jagi mkononi. "Mupe nyingine," akasema. "Haijafika tumboni. Ngojeni, vitamini ifanye kazi."

"Hatungoji," nikasema. Sikuwahi kumkatalia shangazi mbele ya watu, na sauti yangu ilinishangaza mimi mwenyewe. "Mlazeni chini. Miguu juu. Asitembee hatua hata moja. Ingobyi iko wapi?"

Midomo ilikuwa imeshaumuka. Kijana wa Muyinga alipanda juu ya kinu akaishusha ingobyi kutoka darini, masizi yakimmwagikia kwenye shati lake la baraza. Binamu zangu wakaja kwenye miti, naye akashika mti wa mbele upande wa kulia na hakuuachia. Wanaume wa Itaba wanajua kubeba mtu: hawakimbii, huchukua mwendo mmoja wa mbio za taratibu ambao hautikisi, na anayechoka hupokelewa bila kusimama. Tuliteremka kilima kati ya migomba. Nilikimbia kando nikimshika mkono mdogo wangu, nikihesabu pumzi zake kwa masikio, kila moja nyembamba kuliko iliyopita. Nyuma yetu shangazi alikuja na jagi lake, ndimu ikimwagika njiani.

Kwenye kituo cha afya nilipaza sauti tangu langoni: mzio, karanga, amewahi kuzimia, adrenalini. Muuguzi alikuwa anafunga dirisha. Akaliacha wazi. Sindano ikaingia pajani, palepale juu ya ingobyi, hata kitandani hakufikishwa.

Muuguzi akaliweka bomba kando, akamtazama kifuani. Kisha kifua chake kikapanda. Kikapanda tena, kwa nafasi zaidi. Akakohoa, akavuta hewa ndefu yenye mlio, na hewa ile ilikuwa sauti nzuri kuliko sentensi yoyote nitakayoiandika maishani. Muuguzi alisema atamtuma Gitega kwa gari la wagonjwa akaangaliwe, maana uvimbe unaweza kurudi, akaenda kupiga simu.

Ndipo watu wote, bila kupanga, wakamgeukia shangazi.

Alikuwa amesimama mlangoni, jagi likiwa tupu. Alitutazama mmoja mmoja, na nikaona jinsi neno lilivyomfikia kabla mtu yeyote hajalisema: mtoto amekula kwa mkono wake, akavimba, akazimia.

"Mi sikuweka karanga," akasema. "Wallahi sikuweka." Shangazi ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, sijui kiapo kile alikitoa wapi. "Munanitazama nini? Mi ndo nimemupa sumu?"

Kijana wa Muyinga alikuwa amekaa chini, begani kwake mti wa ingobyi umeacha alama nyekundu. Akasema kwa upole, "Hapana, shangazi. Wewe unampenda. Mama yangu naye anampenda."

Shangazi akakaa kwenye benchi. Alifikiri, midomo ikicheza. Kisha akashika kichwa.

"Kinu," akasema. "Asubuhi mapema nilitwanga karanga za jirani. Nikapangusa kwa mukono tu. Halafu nikaweka majani ya sombe."

Binamu yule wa nyoka, ambaye alikuwa bado anahema, akasema, "Basi tupeleke kinu mahakamani." Shangazi alicheka na kulia kwa pamoja, nasi tukafanya vilevile, na mdogo wangu, chini ya uvimbe wake, akainua kidole kimoja kutuomba tusimchekeshe.

Shangazi hakungoja kuombwa. Mdogo wangu alipopata nguvu, shangazi alipika pombe ya ndizi, akaifunga mtungi kwa majani, tukaenda naye Muyinga. Kwetu anayetaka amani hubeba pombe na hunywa wa kwanza. Hakutaka kwenda nyumbani kwa mama yule. Alitaka kibandani, sokoni, mbele ya wanawake waliovuka kwenda upande wa pili. Aliweka mtungi kati ya marobota ya vitenge, akatia mirija miwili, akanywa, kisha akasema kwa sauti ya kufika hadi kwa wauza samaki kwamba alimsingizia mwanamke huyu, kwamba mtoto ana mzio wa karanga, na kwamba yeye mwenyewe, shangazi wa damu, nusura amuue kwa mkono wake na ndimu juu.

Mama mkwe alimwacha amalize. Alikunja kitenge alichokuwa anakikunja hadi mwisho.

"Mi nilimupatia kama mutoto yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Nikalia. Mwezi yote nikalia."

"Najua, mama."

Mama mkwe akautazama mtungi. "Na kinu uliosha?"

"Nilikipasua kuni," shangazi akasema.

Mama yule akainama, akashika mrija wa pili, akanywa. Wanawake wa soko walianza kukaribia, kwanza kwa ajili ya pombe.

Ndiyo maana siku ya harusi ingobyi ilisafiri kwa gari kutoka Itaba hadi Muyinga. Wabebaji walikuwa walewale, ila kwenye mti wa mbele upande wa kulia alikuwa mtu mwingine, kwa sababu mwenye nafasi ile alikuwa amevaa suti na anasubiri langoni. Mkobani mwa bibi harusi kulikuwa na adrenalini na bomba la sindano. Daktari alikuwa amemfundisha bwana harusi na mimi hadi mikono ikazoea. Uwanja mzima hapakuwa na karanga. Palikuwa na machungwa, lundo kubwa, watoto wakiyanyonya na juisi ikiwatiririka hadi kwenye viwiko, nayo vitamini C siku hiyo haikupewa kazi nyingine yoyote ila utamu.

Wabebaji wakaiweka ingobyi chini. Mama mkwe akatoka jikoni na bakuli la sombe, iliyotwangwa kwenye kinu kipya ambacho shangazi alikileta yeye mwenyewe na kukikalia njia nzima. Ngoma zikanyamaza. Mama mkwe akaonja. Akampa kijiko shangazi, shangazi akaonja. Kisha kijiko kikaenda kwa mdogo wangu.

Akala. Watu wote wa Itaba na wa Muyinga walimtazama mdomo. Ulimi wake haukupita kwenye meno. Alimeza, akangoja kidogo, akitufanyia makusudi, mwovu yule, kisha akanyoosha bakuli kwa mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "niongezee."